Amina Iliyokuwa Ikishuka

Tuanze na mkono wenyewe, maana bila huo mkono hakuna cha kusimulia. Papa Georges Kabamba wa Panda, mtaa wa mji wa Likasi, Kongo, ana vidole vitatu katika mkono wa kushoto: gumba, cha shahada, na kile kidogo cha mwisho. Viwili vya katikati viliondoka miaka sita iliyopita kando ya barabara ya Kambove, enzi zile akiwa dereva wa lori. Gurudumu liliisha upepo, akapiga jeki mwenyewe mahali penye udongo laini, na chini ya jeki hakuweka ubao. Ukimuuliza, jibu lake ni fupi: "Sikutia libao." Nawe unatafuta mazungumzo mengine.

Siku hizi anakaa mlangoni pa depo moja, anaandika namba za magari yanayoingia na kutoka. Watu walimpa pole sana kwa ajili ya lori, na walikosea. Lori hakulililia hata siku moja. Alichokililia ni gitaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpiga gitaa wa kwaya ya parokia, kila Dominika kwenye kiti kile kile cha kushoto, upande wa wanaume wa sauti ya chini. Sasa jaribuni wenyewe hapo mlipo: kunjeni vidole viwili vya katikati, mshike shingo ya gitaa kwa vile vilivyobaki. Mnaona? Utapata noti moja moja, kama kuku anayedonoa, lakini noti tatu kwa pamoja hazikubali.

Aliyelishusha gitaa kutoka juu ya kabati ni mke wake, Mama Simone, mshonaji wa nguo. Alichoka kulipangusa vumbi.

"Papa, kama haiwezekani kuisimamisha, ilalishe basi," alimwambia. "Bazee ya zamani ya mu camp habakuwaka banapiga gitare ya kulala ku magoti?"

Kweli, walikuwa wanapiga. Papa Georges aliwahi kuwaona akiwa mtoto, wazee wa kambi ya wafanyakazi, gitaa limelala magotini na uso wake ukitazama juu, mkono mmoja ukidonoa nyuzi na mwingine ukitelezesha kipande cha chuma juu yake. Hapo huhitaji vidole vya kubana, unahitaji tu kushika chuma. Akainua nyuzi zikae mbali na ubao, akatafuta chuma chake: pini ya pistoni ya lori, laini kama yai, nzito, inayokaa sawasawa kati ya gumba na kidole cha shahada. Kile kidogo cha mwisho alikiacha kifuate nyuma, kikinyamazisha nyuzi zisipige kelele.

Kwa mwaka mzima alijifunza upya. Likabaki jambo moja. Chuma kilichonyooka kinahamisha nyuzi zote kwa pamoja, kama familia nzima imehama nyumba. Kwaya haiimbi hivyo. Kwaya, mmoja anapanda, mwingine anabaki palepale anamngoja. Wapigaji wenye mkono mzima wanakipindisha chuma kidogo, kikae mshazari, nyuzi zisiende sawa. Bila vidole vya katikati, chuma kikipindishwa kinadondoka.

Ndipo anapoingia Papa Hervé Mbombo, jirani wa nyumba ya tatu. Hervé alikuwa fundi wa vyuma kwa miaka thelathini katika karakana moja kubwa, mtu wa tupa na jiliwa, aliyekuwa akikataa kazi ya mtu kwa tofauti ya unene wa ukucha. Kelele za mashine zilimwachia masikio nusu. Ukitaka akusikie, simama upande wa kulia. Tangu kazi iishe, watu walimletea bawaba za milango na masufuria yaliyotoboka tu. Papa Georges alipomletea habari ya gitaa, aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hii njo kazi. Iache hapa."

Alimtengenezea mikono miwili midogo ya chuma, kwenye mkia wa gitaa, mahali kiganja cha mkono wa kulia kinapopumzika. Waliiita levye. Ukisukuma ya kwanza kwa kiganja, inavuta uzi wa noti ya La mpaka unapanda kuwa Si. Ya pili inavuta uzi wa Fa dièse, yaani Fa iliyopandishwa nusu hatua, mpaka unakuwa Sol. Uzi wa Re unabaki alipouacha Mungu. Ukiachilia, hakuna springi inayorudisha levye. Uzi wenyewe, kwa mvuto wake, unairudisha nyuma, mpaka skrubu ndogo chini ya levye igonge bamba lililofungwa chini yake na kusimama. Pale inaposimama ndipo noti ilipo.

Na msikie uzuri wake: ukisukuma zote mbili halafu ukaziachilia pamoja, gitaa linasema "Amina". Ile Amina ndefu ya mwisho wa wimbo, sauti mbili zinashuka taratibu na ya tatu inazingoja. Siku ya kwanza Papa Georges alipoipiga, Mama Simone alisimamisha cherehani.

Bamba lile Hervé alilifanya la shaba. Angefanya la nini? Mtu wa Likasi ukimwambia tengeneza kitu cha kupendeza, mkono wake unakwenda kwenye shaba wenyewe. Alilikata kwa umbo la ule msalaba mfupi wenye mikono minne, ule ambao watu wa kale wa nchi yetu waliusubu kwa shaba na kuutumia kama fedha, akalichora mistari ya pembeni, akalisugua mpaka likawa jekundu kama jua la saa kumi na mbili. Kanisani watu walikuja kuliangalia kabla ya kuuliza linafanya kazi gani. Papa Hervé alisimama pembeni akijifanya hasikii, kumbe safari hii alikuwa anasikia vizuri kabisa.

Mambo yalikwenda hivyo kuanzia Krismasi mpaka Pasaka. Kisha Amina ikaanza kushuka.

Mwanzoni ilikuwa unywele tu. Papa Georges anapiga Amina ya kwanza, nyuzi mbili za levye zinarudi, lakini hazifiki nyumbani; zinasimama chini kidogo. Amina ya pili, chini tena. Nyuzi nyingine zote ziko sawa, hizi mbili zinaonekana kama zimechoka. Anakaza funguo, zinakaa, zinashuka. Na kwaya, ndugu zangu, kwaya ni kundi la kondoo lenye masikio. Gitaa likishuka, nayo inashuka nyuma yake bila kujua.

Siku ya Komunyo ya Kwanza kanisa lilijaa mpaka uwanjani. Waliimba nyimbo nne na gitaa, Amina nne ndefu. Wimbo wa tano ulikuwa wa sinte, kinanda kipya cha umeme ambacho kwaya ilipewa zawadi. Jean-Luc, kiongozi wa kwaya, mwalimu wa shule na kijana wa miaka thelathini na kitu, aliweka vidole vyake, akatoa noti ya kuanzia, na kwaya ikaingia kwa sauti iliyokuwa imeizoea. Ilikuwa kama mtu anayeshuka ngazi gizani, akakanyaga ngazi ambayo haipo. Watoto waliovaa nyeupe waligeuka kuangalia. Mama Alphonsine wa soprano, mwenye sauti inayofika barabarani, alinyamaza katikati ya neno, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Baada ya misa Jean-Luc alimngoja nyuma ya sakristia.

"Papa Georges, tunakueshimia. Weye njo mukubwa yetu mu chorale."

"Maestro, sema tu. Heshima nitaikuta ku nyumba."

"Ile gitare inashuka. Kila Amina. Minye nafundisha bantu kupanda, yee inabashusha." Jean-Luc aliangalia viatu vyake. "Pentecôte tutaimba pamoja na bachorale mbili ingine. Samedi mbele ya Pentecôte njo répétition ya mwisho. Kama siku ile inashuka tena, synthé itakamata fasi yako."

"Ya siku ya Pentecôte?"

"Ya siku zote, Papa."

Alikuwa na wiki mbili mpaka Jumamosi ile ya mazoezi ya mwisho, mkesha wa Pentekoste.

Papa Georges hakumwambia mke wake siku ile. Alikula, akasifu mboga, akaenda chumbani akakaa kitandani na gitaa magotini bila kulipiga. Kiti kile cha kushoto ndicho mahali pekee mjini ambapo hakuna aliyeuangalia mkono wake kwa huruma. Mlangoni pa depo wanauangalia. Sokoni wanauangalia. Kanisani wanausikiliza.

Kesho yake, alipotoka kazini, alianza kutafuta ugonjwa. Alikuwa dereva, na dereva wa lori hukagua kwa mpangilio: huwezi kufungua injini kabla hujaangalia kama kuna mafuta. Kwanza nyuzi. Nyuzi mpya hutanuka, kila mpiga gitaa anajua. Akaweka mpya, akazivuta moja moja kwa kidole, akazikaza, akazivuta tena, mpaka hazikuwa na cha kutanua. Akapiga Amina kumi, simu ya Mama Simone iko mbele yake na ile programu inayoonyesha noti kwa mshale. Mshale ukaanguka kushoto, upande wa noti ya chini.

Pili, funguo. Labda zinateleza. Akachora mstari mdogo wa kalamu ya biki, nusu kwenye ufunguo na nusu kwenye ubao, akapiga Amina ishirini. Mistari ilibaki imeungana. Funguo hazina kosa.

Tatu, kile kipande cha mfupa kule kichwani, chenye mifereji midogo ambamo nyuzi zinapita zikienda kwenye funguo. Akafikiri: hapa kuna msuguano. Na dereva akisikia msuguano anafanya nini? Anapaka grisi. Akapaka, ile nyeusi ya lori, kwa njiti ya kiberiti. Siku moja gitaa lilipona. Siku ya pili vumbi la Likasi, ambalo mnalijua halihitaji mwaliko, lilikuwa limeingia kwenye grisi likawa ugali, na nyuzi zilikwama kuliko mwanzo.

Mama Simone alimkuta anatia mate kwenye kitambaa.

"Unafanya nini ku gitare?"

Hapo akamweleza yote, kiti, sinte, Jumamosi. Mama Simone alisikiliza huku ameshika pini mdomoni. Alipozitoa hakusema pole.

"Uzi inakwama fasi gani?"

"Siyue. Pengine hapa, pengine hapana."

"Mu mashini yangu, uzi ikikwama, ninaifinya nyuma ya ile fasi. Kama inaachilia, njo pale. Kama haiachilie, natafuta fasi ingine."

Papa Georges alimtazama kama mtu aliyesahau kwamba analala na fundi. Akapiga Amina, La ikarudi chini. Akaufinya uzi kwa kidole upande wa pili wa mfereji, karibu na funguo, akaupiga tena. La ilipanda! Haikufika nyumbani, ilifika nusu ya njia. Kumbe ni hivi: levye ikivuta uzi, kipande kidogo cha uzi kinapita kwenye mfereji, na levye ikiachilia, kile kipande kinabaki upande huu, kimekwama, hakirudi. Kidole kilikivuta kurudi.

Waliitoa ile grisi yote kwa pamba na petroli. Mama Simone akasugua mifereji kwa uzi mgumu wa kushonea viatu, Papa Georges akachonga penseli na kujaza unga wake mweusi ndani, mkavu, usioita vumbi. Akapiga Amina ishirini. Akafinya nyuma ya mfereji: noti haikusogea tena. Mfereji umepona.

Lakini mshale ulikuwa bado umeanguka kushoto, nusu ya ilivyokuwa mwanzo. Nusu ya ugonjwa ilikuwa imebaki, na wiki ya kwanza ilikuwa imekwisha.

Sasa lilibaki lile ambalo hakutaka kuliangalia.

Jumatano alitambua jambo. Akiachilia levye polepole, akiisindikiza kwa kiganja, noti inarudi karibu na nyumbani. Akiiachilia kwa ghafla, skrubu ikagonga bamba *tak*, noti inashuka zaidi. Akarudia mara thelathini kwa namna mbili. Kisha akaegemeza gitaa dirishani na kuinua levye. Juu ya shaba ile nyekundu, katika mikono miwili ya msalaba, chini kabisa ya skrubu, kulikuwa na vishimo viwili, kama makovu ya ndui. Kila Amina, skrubu ya chuma ilikuwa inachimba shaba. Kishimo kikiongezeka, levye inarudi nyuma zaidi, na uzi unalegea zaidi. Hakuna cha kukaza wala kupaka. Ugonjwa uko ndani ya kazi ya Hervé.

Papa Georges alikaa na hilo jambo siku nzima ya Alhamisi mlangoni pa depo, akakosea namba mbili za magari. Kumwambia Jean-Luc "kosa ni langu" kungekuwa rahisi. Kumwambia Hervé kwamba kile kitu kimoja alichosifiwa tangu kazi iishe ndicho kinachoharibu misa, hilo lilikuwa jambo jingine. Aliwaza hata kuiachilia levye polepole maisha yake yote. Alijaribu. Lakini Amina ya polepole hivyo si Amina, ni mtu anayeondoka bila kuaga.

Alhamisi alasiri, alipotoka kazini, alibeba gitaa mpaka kwa Hervé na kusimama upande wa kulia.

"Shofere!" Hervé alikuwa ameketi mbele ya jiliwa lake, anatia mpini kwenye nyundo. "Unaleta tena ile kitoto. Inalia?"

"Inashuka, Papa Hervé. Kila nikiachilia levye."

"Kaza funguo."

"Nilikaza. Nilibadilisha nyuzi, nilisafisha fasi ya juu. Nusu iliisha. Nusu inabakia."

"Basi ni masikio yako." Hervé alicheka. "Miaka makumi mbili mu camion, injini iko chini ya mataku. Utasikia nini?"

"Weye njo unasema habari ya masikio?"

Hervé alicheka tena, kwa sauti kubwa zaidi. Papa Georges alipiga Amina moja, akaiachilia levye kwa ghafla, akapiga La tena.

"Umesikia?"

"Nasikia La."

"Ni La ya chini."

"Ni La, ndugu. La ni La."

Hapo Papa Georges aliona wanaweza kukaa mpaka Jumatatu. Hervé hakuwa anadanganya: tofauti ile ndogo ilikuwa imekufa masikioni mwake pamoja na sauti nyingi nyingine. Kumwimbia fundi kiziwi ni kupoteza pumzi. Akainua levye, akamgeuzia gitaa.

"Kama hausikie, pima."

Uso wa Hervé ulibadilika. Aliweka nyundo chini. Akaangalia vile vishimo, kwanza kwa macho, kisha kwa ukucha. Akaingia ndani, akatoka na kile kipimo chake cha kuteleza alichokuwa anakifunga kwa flaneli tangu siku za karakana, chenye ulimi mwembamba wa kupimia kina. Akauingiza kwenye kishimo cha kwanza. Akasogeza miwani. Akapima tena. Akapima cha pili.

"Dixièmes ine," alisema. Yaani sehemu nne za kumi za milimita. Wewe na mimi tungesema si kitu.

Akakifunga kipimo kwenye flaneli yake. Jirani alikuwa anatwanga mahali fulani.

"Bantu banaleta kazi ya dixième moja, minye nakatala," Hervé alisema, kwa sauti ya chini kwa mara ya kwanza. "Moja tu, nakatala. Na hii ni ine."

"Papa Hervé, pengine skrubu njo iko mubaya—"

"Tss. Acha kunifunika blanketi." Akagusa mistari aliyoichora pembeni ya msalaba. "Unaona hii mistari? Mukuba, hii shaba, ilikuwa nguvu, patasi ilikuwa inateleza. Njo nikaipasha mu makala mpaka ikakuwa mwekundu, nikaitia mu mayi. Kisha ikakuwa laini kama mukate. Nikachora muzuri." Akacheka kidogo, pasipo furaha. "Mutoto wa mwaka wa kwanza mu atelier anajua: hautie mukuba ya kupasha fasi chuma inapiga. Minye nilitia. Juu ya uzuri."

Papa Georges alitaka kumwambia kwamba watu wote waliupenda ule msalaba, na kwamba yeye mwenyewe aliupenda. Lakini hiyo ingekuwa blanketi nyingine.

"Samedi saa ngapi?" Hervé aliuliza.

"Saa tisa, mu kanisa."

"Leta chuma ya resori ya camion. Ile ya majani. Weye uko shofere, utapata."

Alikipata kwa rafiki wa zamani aliyekuwa na kipande kilichovunjika. Ijumaa yote, tupa ilisikika kwenye nyumba ile ya tatu. Chuma cha springi ya lori hakitaki mchezo: tupa mbili zilikufa juu yake. Jioni, alipotoka kazini, Papa Georges alikishika chuma kwa mkono wake mzima, akikikandamiza na ule wa vidole vitatu, na mara mbili Hervé alimfukuza: "Toka, unatikisa!" Mara zote mbili alirudi. Jumamosi saa tano asubuhi bamba jipya lilikuwa mahali pake: jeusi, tambarare, bila mstari, bila umbo lolote la maana. Hervé alizisugua pia ncha za skrubu kwa tupa zisiwe na makali. Akapiga levye mara mia moja kwa kidole, akihesabu. Akapima.

"Hakuna," alisema.

Msalaba wa shaba aliutupa kwenye debe la vyuma chakavu. Papa Georges aliinama kuuokota.

"Uache."

"Nitautundika ku nyumba."

"Minye njo niliufanya, minye njo nautupa. Kwenda, utachelewa."

"Hauye na minye?"

"Nitakuya kusikia nini?" Hervé alisema, akageukia nyundo yake. Hakugeuka tena.

Kanisani Papa Georges alikuta kiti chake kimekaliwa na sinte, ikiwa imelala juu yake na waya wake umefungwa. Alitafuta benchi karibu na nguzo. Hakuuliza. Kwaya zilikuwa tatu, watu zaidi ya sitini. Jean-Luc alisema waanze na zaburi, kwa sababu ndiyo yenye Amina nyingi, mbili kila kiitikio, na watu wa kwaya yake walielewa kwamba ile ilikuwa mahakama.

Kiitikio cha kwanza kilikwenda. Cha pili, katikati, sauti zilianza kugombana na gitaa. Cha tatu zilikuwa mbaya kabisa, zinakwaruzana kama mlango. Jean-Luc alipiga makofi.

"Arrêtez! Papa Georges, gitare iko juu."

"Mbele ilikuwaka chini, leo iko juu," alisema Mama Alphonsine. "Hii gitare iko na malaria? Inapanda, inashuka!"

Wote sitini walicheka. Kwa nukta moja Papa Georges aliamini: Hervé amekosea tena, chuma kimekataa, imekwisha. Mkono ulitaka kwenda kwenye funguo ukaze, ulegeze, ufanye chochote. Lakini dereva hukagua kwa mpangilio.

"Maestro," alisema, "washa synthé. Piga La."

Jean-Luc alisita, akawasha, akapiga La. Papa Georges akapiga uzi wake. Noti mbili zilikaa pamoja, hakuna iliyotikisika.

"Sasa bote banyamaze," alisema Papa Georges. Akapiga kiitikio peke yake mara tano, levye zote mbili, akiziachilia kwa ghafla, *tak*, *tak*, bila kuzisindikiza. Kisha akanyanyua mkono. "Piga La tena."

Jean-Luc alipiga. Ilikuwa ile ile.

Mnaelewa kilichotokea? Kwa majuma yote yale kwaya ilikuwa imefuata gitaa linaloshuka, mpaka koo zao zimejifunza kushuka zenyewe. Gitaa limepona, wao wamebaki na ugonjwa, na wageni wa zile kwaya mbili wakawafuata. Mama Alphonsine ndiye aliyeelewa wa kwanza, maana aliweka mkono mdomoni.

"Yesu wangu," alisema. "Ni shiye."

Waliimba tena. Kwenye kiitikio cha pili soprano zilianza kuteremka kwa mazoea, zikakuta gitaa haliji nazo, limekaa palepale kama mtu anayengoja mlangoni. Zikarudi. Kwenye cha tano, sauti sitini zilifika mwisho wa Amina na kumkuta Re hapo alipo.

Jean-Luc alimwita pembeni, karibu na kisima cha maji ya baraka.

"Papa Georges, inashika. Nimesikia."

"Aksanti, Maestro."

"Mais..." Alivuta pumzi. "Sitakudanganya. Minye naogopa. Tangu Pasaka bantu banatucheka. Tufanye hivi: zaburi ni ya kwako. Ingine yote, synthé."

"Zaburi tu?"

"Zaburi tu. Pentecôte, na nyuma ya Pentecôte pia."

Papa Georges aliangalia kiti chake cha kushoto na ile mashine iliyolala juu yake. Alikuwa na maneno mengi. Miaka ishirini na miwili ilikuwa neno moja kati ya hayo. Lakini kijana alikuwa amesema ukweli wake wazi, na mtu anayekiri hofu yake mbele yako ni vigumu kumgombeza.

"Nitakaa wapi?"

"Pale ku nguzo, kama unataka."

"Basi nitakaa ku nguzo."

Alibeba gitaa akarudi Panda kwa miguu. Hakwenda nyumbani kwanza. Hervé alikuwa bado mbele ya jiliwa, na hakukuwa na kitu chochote ndani ya jiliwa. Papa Georges alisimama upande wa kulia.

"Ilishika."

Hervé hakuinua kichwa. "Banakurudisha?"

"Nusu. Bananipa zaburi, ingine banaweka mashini."

"Zaburi iko na viitikio ngapi?"

"Tano."

"Kila moja, levye mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Kumi kila misa ya dimanche." Hervé alifikiri, midomo ikisogea. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua gitaa, akainua levye na kupitisha ukucha juu ya chuma kile cheusi, taratibu, huku na huku. "Leta nyuma ya Assomption, mu mwezi wa munane. Tutapima."

"Papa Hervé, ni chuma ya camion. Haitashuka."

"Chuma pia inashukaka, shofere," Hervé alisema. "Polepole tu. Leta, tupime."

"Nitaileta," alisema Papa Georges.